Vitabu vya Skuli ya Kiungani

Watu wakitaja Kiungani, ile skuli ya misioni ya U.M.C.A. kusini ya mji wa Unguja, hukumbuka mapadre na waalimu waliotoka huko. Katika kitabu hiki cha jubilei nataka kunena habari za vitabu vyake, maana skuli ile haikukuta maktaba tayari; ilipasa kujitengenezea.

Askofu Tozer na Dakta Steere walifika Unguja mwaka 1864. Mwaka huo huo Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao ndio wanafunzi wa kwanza. Basi watasoma nini? Kiswahili kilikuwa na maandiko yake tangu kale, tenzi na barua, lakini kwa herufi za Kiarabu. Kwa herufi za Kirumi palikuwa karibu hapana kitu. Steere akaketi na wenyeji, akasikiliza hadithi zao, akaziandika kama zilivyosimuliwa. Na wavulana wa misioni wakafundishwa kupanga herufi za risasi na kupiga chapa. Mwaka 1867 zikapigwa chapa Unguja hadithi chache za Shakespeare kwa Kiswahili, kwa kufuata masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Mwaka 1870 hadithi za Waswahili wenyewe zikatoka London, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili.

Jambo hili naliona kubwa. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi sasa ashika herufi moja moja, aipanga kinyumenyume, atazama karatasi ikitoka na maneno ya kusomeka. Mtoto huyo hawezi kudhani kwamba vitabu huzaliwa Ulaya tu.

Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana wa misioni wameeleza walivyotekwa na kuuzwa. Ni kitabu cha thamani, lakini kilitoka kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa Ulaya. Na hapo, kwa maoni yangu, wanafunzi waliofuata walipunjwa habari za ndugu zao. Afadhali mwaka uliofuata, 1888, likaanza gazeti la Msimulizi, la Kiswahili, lililopigwa chapa Kiungani. Waalimu waliokwisha kupelekwa vituoni walileta habari za huko, na gazeti likawarudia. Mwalimu aliyekaa peke yake bara hakuwa na kabati la vitabu, lakini skuli yake ilimfikia kwa karatasi hizo.

Magila nako, katika nchi ya Wabondei, misioni ilikuwa na mtambo wake. Huko ndiko kilikopigwa chapa, kuanzia mwaka 1895, kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokitunga Abdallah bin Hemedi. Mtungaji alikuwa Mwislamu, na habari zake ni za watawala wa Usambara. Si katekisimu, wala si kitabu cha sala. Wako Wakristo wasiopenda kuona katika kabati la skuli ila vitabu vya dini. Hao na wautazame mtambo wa Magila.

Mwaka 1925 skuli ya Kiungani ilihamia Minaki, karibu na Kisarawe, na baadaye, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, skuli za misioni zikaingia mikononi mwa Serikali. Vitabu vya Kiingereza viliongezeka sana katika maktaba za sekondari, nami sivikatai. Lakini mwalimu mwenye ufunguo wa maktaba atazame pia rafu ya Kiswahili, avitoe vitabu viazimwe, vichakae kwa kusomwa, kuliko kuwaachia mchwa.

Habari za Wakilindi haikupotea. Mwaka 1962 ilitolewa tena Nairobi na East African Literature Bureau, ofisi iliyoanzishwa mwaka 1948 kuwapatia watu wa nchi hizi vitabu. Hivyo kitabu cha mtambo mdogo wa misioni kikapata kusomwa na wajukuu wa waliokichapa.