Mashine ndogo za michezo ya zamani: zinastahili bei yake?

Nintendo, kampuni ya Kyoto nchini Japani, ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mwaka 1983 ikatoa Famicom, mashine ya michezo ya kuchomekwa kwenye televisheni, iliyobuniwa na mhandisi Masayuki Uemura. Marekani ilifika mwaka 1985 kwa jina la NES. Afrika, wengi waliijua kupitia nakala za bei ndogo kutoka Asia, zile zinazodai zina mamia ya michezo na kumbe ni michezo ileile inayojirudia.

Novemba 2016 Nintendo iliirudisha ikiwa ndogo ya kukaa kiganjani, na michezo 30 ndani, kwa dola 60. Hizo ni dola 2 kwa mchezo, na michezo yenyewe ilichaguliwa vizuri. Shida ilikuwa kuipata. Madukani iliisha, walanguzi wakaiuza kwa bei ya juu mno, na Aprili 2017 kampuni ikatangaza kwamba haitaitengeneza tena. Juni 2018 ikairudisha sokoni. Aliyemlipa mlanguzi alilipia haraka yake tu.

Sony ikafuata Desemba 2018 na PlayStation Classic: michezo 20, dola 100. Hii haikustahili bei hiyo. Michezo 9 iliwekwa katika toleo la televisheni za zamani za Ulaya, linalokwenda polepole kuliko lile la Marekani. Wiki chache tu, bei ikashuka hadi dola 60, na mwaka uliofuata chini ya 40.

Jina hilo la PlayStation lina historia Kivu pia. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Mwishoni mwa mwaka huo bei ya tantali, inayotolewa katika koltani na kutumika ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo, ilipanda ghafla. Michezo haikuwa sababu peke yake. Simu pia zilihitaji madini hayo. Lakini watu wa Kivu waliacha mashamba na mifugo wakaingia machimboni, na wenye silaha wakapigania mashimo hayo. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Waliokuwa wameacha kulima hawakuwa na mavuno wala soko.

Leo familia yenye ndugu Ulaya au Marekani inaweza kuulizwa kama watoto watumiwe mashine hizo. Umeme wake ni mdogo, chaja ya simu inatosha. Televisheni ndiyo swali: lazima iwe na tundu la HDMI, na zile nzito za zamani hazina. Kaseti za zamani haziingii ndani yake. Na waya wa maneti ya ile ya NES haufiki hata mita moja, kwa hiyo mtoto atakaa karibu kabisa na mashine.