Swali katikati ya somo: redio ilitangulia



Wiki iliyopita nilimkuta mdogo wangu, anayerisiti kidato cha nne, akitazama somo la hisabati kwenye simu. Dakika ishirini nzima kichwa kinaitikia tu. Lilipokwisha nikamuuliza mwalimu kasema nini. Akacheka: "Kaka, alikuwa anaeleweka kweli, ila sasa hivi sikumbuki."

Nikamtafutia video yenye maswali ndani yake, ile inayosimama na haiendelei mpaka ujibu. Swali la kwanza akakosa. Akakunja uso, akairudisha nyuma mwenyewe.

Nilidhani ni uvumbuzi wa juzi. Kumbe!

Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hisabati kwa redio katika shule za msingi za Nicaragua. Redio iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache, watoto wakajibu kwa sauti au wakaandika, kisha ikatoa jibu sahihi. Haikuwasikia, lakini kila mtoto aliona ameulizwa yeye. Miaka ya 1980 njia hiyo ikaingia Kenya kufundishia Kiingereza, na miaka ya 2000 watoto wa Zanzibar wakapata kipindi chao cha redio, Tucheze Tujifunze.

Televisheni nayo ikafuata. Mwaka 1996, Marekani, mtangazaji wa Blue's Clues alikuwa akiuliza, kisha anaitazama kamera kimya akimsubiri mtoto. Ubongo Kids ya hapa Tanzania ilipoanza mwaka 2014, watoto waliweza kujibu maswali ya kipindi kwa SMS.

Ushahidi upo pia. Mwaka 2013 Szpunar, Khan na Schacter walichapisha utafiti wa somo la takwimu kwa video, lililogawanywa vipande vinne. Waliopewa jaribio fupi baada ya kila kipande hawakupotelea sana mawazoni, waliandika nukuu nyingi zaidi, na mwisho walifaulu zaidi.

Sasa sikilizeni. Juzi nimemkuta mdogo wangu anabonyeza A, B, C, D haraka haraka mpaka video ipite. Swali lipo, kufikiri hakuna! Hapo ndipo nikaelewa walichojua watu wa redio: swali peke yake halitoshi, kinachofanya kazi ni ule ukimya unaofuata, muda wa mtoto kulitafuta jibu kichwani mwake. Video nyingi zimechukua swali, zikauacha ukimya, na mahali pake zikaweka vitufe.

Basi tumewekeana sharti. Swali likitokea, anafunika majibu kwa kiganja, anajibu kwanza kwa mdomo, ndipo anabonyeza. Sebule nzima tunamsikia, hata mama jikoni anasahihisha.

Mtihani ni Novemba. Nitawapa habari.