Mustang mbili zilizofuatana namba: moja ilibaki na makovu, nyingine ilihitaji bati jipya

Wiki hii tunaandika historia ya magari mawili ya Marekani. Wengi wetu hatutayaendesha kamwe, lakini swali lake linatuhusu: kitu kilichoharibika kikitengenezwa upya, je, bado ni kile kile?

Miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuweka injini kubwa sana ndani ya magari ya ukubwa wa kawaida, ili kijana apate mbio kwa bei anayoiweza. Mwaka 1968 filamu ya Bullitt ilitumia Ford Mustang mbili za kijani, zenye injini ya lita 6.4. Namba zao za chesisi zilifuatana kama mapacha: moja iliishia 558, nyingine 559. Ile 558 ilipewa kazi ngumu ya kuruka kwenye vilima vya San Francisco. Ile 559 ndiyo gari kuu la mwigizaji Steve McQueen.

Baada ya filamu yakaachana. Mwaka 1974 familia moja ya New Jersey ilinunua 559 kwa dola 6,000, na mama wa nyumba akawa anaendea nayo kufundisha shuleni. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua kutaka auziwe, hakuuziwa. Baadaye klachi ikafa, gari likawekwa ndani miaka mingi.

558 yenyewe ilipotea. Watu wakaamini imeshakuwa chuma chakavu. Kumbe ilikuwa Baja California, Mexico, imepakwa rangi nyeupe, haina injini yake, kutu imeila. Habari zilitoka mwaka 2017. Waliolipata walitaka kuligeuza liwe nakala ya gari la filamu nyingine! Walipochunguza namba, kazi ile ikasimama.

Wenzetu mnaojifunza ufundi wa bodi mnajua hatari ilikuwa wapi. Kufufua gari la zamani huanza kwa kuvua: rangi inatolewa, bati lililooza linakatwa, jipya linachomelewa, linanyooshwa, linapakwa puti, linapigwa msasa, halafu praima na rangi. Ndani nako siti zinavuliwa vitambaa, zulia linatolewa, dashibodi inafunguliwa. Fundi asiyeangalia kwanza anaweza kukata hata kipande chenye namba. Hapo gari linang'aa, lakini hakuna anayeweza kuthibitisha ni lipi.

Wale wa 559 walitengeneza injini likawaka, ila bodi na siti wakaziacha na uchakavu wake. Januari 2020 lilipigwa mnada Florida, nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.4. Kuna watu husema basi, cha asili ndicho bora, usiguse kitu. Sisi hatukubali moja kwa moja. 559 ilikuwa na paa na familia, ndiyo maana iliweza kubaki na rangi yake. 558 haikuwa na mtu. Kuiambia isiguswe ni kuiacha ioze. Ilihitaji bati jipya, na hata ikipata bati jipya bado ni 558.

Sisi tuliofika hapa bila cheti cha kuzaliwa wala cha shule tunaelewa. Wapo waliobadilika lugha, kazi, hata jinsi majina yao yanavyoandikwa. Hawajawa watu wengine.

Kwa hiyo ndugu mafundi, na ninyi mnaofanya kazi za misaada: kabla ya kushika msasa, angalieni kwanza. Pigeni picha, andikeni namba, vipande vya zamani vitunzwe kwenye boksi. Na kama aliyekuja kwenu ni mtu, muulizeni kwanza alikuwa anafanya kazi gani kwao, ndipo mmwandike kwenye mafunzo mapya.