Walkman na matundu mawili ya hedifoni (Vitu vya nyumbani, sehemu ya 6)

Wiki iliyopita tulimaliza habari ya vijiti vya pamba masikioni. Tangu siku ile inboksi imejaa swali moja, limekuja kwa maneno tofauti tofauti: "Sista, mwanangu hatoi hedifoni masikioni kutwa nzima, hii ni sawa?"

Nitajibu. Ila kwanza nikupeleke Japani, mwaka 1979, kwa sababu waliotengeneza kidubwasha hiki nao waliingiwa na wasiwasi kama wako.

Sony walikuwa na kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, kikiitwa Pressman. Masaru Ibuka, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alikuwa mtu wa safari ndefu za ndege na mpenzi wa muziki. Akaomba mafundi wamtengenezee kitu chepesi cha kusikilizia njiani. Wakachukua Pressman, wakaondoa sehemu ya kurekodi, wakaweka stereo. Mwenzake Akio Morita alipokisikia akasema hiki tukiuze. Ndani ya kampuni watu waliguna: mashine ya kaseti isiyorekodi, nani atatoa hela yake? Ikaingia dukani tarehe 1 Julai 1979 kwa yeni 33,000. Walitengeneza 30,000, na mwezi wa kwanza zikauzika kama 3,000 tu. Wafanyakazi wakaingia mitaani Tokyo, wakawa wanawavalisha wapita njia hedifoni wasikie wenyewe. Kufika mwisho wa Agosti mzigo wote ulikuwa umekwisha.

(Kwa haki tu: Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazil, alikuwa ameshawaza kifaa cha namna hiyo na kukiandikisha Italia mwaka 1977. Walisumbuana kwenye kesi miaka mingi, mwisho Sony wakamalizana naye.)

Sasa nisikilize hapa. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Mawili! Na ilikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza, muziki unashuka, maikrofoni ndogo inachukua sauti ya mtu aliye pembeni yako, mnaongea bila kuvua hedifoni. Kwa nini walijisumbua hivyo? Morita ameeleza kwenye kitabu chake, Made in Japan. Alipokuwa akiijaribu nyumbani aliona mke wake amekereka, kajiona kafungiwa nje. Yeye mwenyewe alidhani watu wataona ni utovu wa adabu mtu kukaa na muziki wake peke yake huku wenzake wapo. Ndiyo likaja tundu la pili, na ndiyo kikaja kile kitufe.

Wanunuzi hawakuvijali. Kila mtu alitaka ya kwake. Baada ya muda kitufe kikaondolewa kwenye matoleo mapya, na tundu la pili nalo likapotea. Mke wa Morita alikuwa ameona mapema, lakini soko halikumuuliza.

Huku kwetu tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya themanini tuliikuta Walkman kwa kaka wakubwa, nyingine imeletwa na mjomba kutoka Uarabuni, nyingine si Sony hata kidogo ila jina likabaki lile lile. Unakumbuka tulivyoishi nayo? Betri ndogo mbili, zikichoka mwimbaji anaanza kuimba kama mtu mwenye usingizi. Zinatolewa zinaanikwa juani, zinarudishwa, unapata nyimbo mbili tatu za ziada. Kurudisha kanda nyuma kwa mashine ni kula betri, kwa hiyo unatumbukiza kalamu kwenye tundu la kanda unazungusha kwa mkono mpaka kiganja kichoke. Na mashine ikila kanda, basi, siku imeharibika. Kwenye basi watu wawili waligawana hedifoni moja, huyu sikio la kushoto, yule la kulia. Yaani tundu la pili la Morita tulilirudisha wenyewe kwa sababu ya uhaba.

Kama nesi naiangalia ile shida yote kwa jicho lingine. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande. Upande ukiisha, kimya. Lazima utoe, ugeuze. Betri nazo zilikuwa hela, na mama hakununua kila siku. Hakuna aliyekaa chini akapanga kulinda masikio ya mtoto, lakini sikio lilikuwa linapumzika kila nusu saa, na wiki nyingine lilipumzika mpaka mwisho wa mwezi.

Kilichofuata kiliondoa mapumziko hayo moja baada ya jingine. Mwaka 2001 Apple wakatoa iPod: nyimbo 1,000 mfukoni, chaji ya saa kumi hivi. Hakuna kugeuza upande. Baadaye simu ikameza vyote, muziki, katuni na michezo, na video ikiisha inayofuata inaanza yenyewe. Sony wenyewe waliacha kuuza Walkman za kaseti Japani mwaka 2010, wakiwa wameshatengeneza kama milioni 200. Hedifoni nazo zikaacha kukaa juu ya sikio na sifongo lake, zikaingia ndani ya tundu la sikio kabisa. Tundu la sikio la mtoto ni dogo kuliko lako, na sauti ile ile kwenye nafasi ndogo inakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo usipime kwa sikio lako ukasema "mbona ni ndogo tu".

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu imejikunja kama konokono. Humo kuna chembe zenye vinywele, 15,000 hivi kwa kila sikio, na tunazaliwa nazo zote. Ndizo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Sauti kubwa inazilaza kama upepo unavyolaza majani. Zikipumzika mapema nyingi husimama tena. Zikipigwa kila siku zinakufa, na kwa binadamu hazioti nyingine. Hakuna dawa ya matone, hakuna sindano, na tafadhali sana hakuna mafuta ya vitunguu saumu.

Serikali nyingine zililiona hili mapema kidogo. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 1996 kwamba vifaa hivi visizidi desibeli 100, na mwaka 2002 iPod ililazimika kuondolewa madukani huko mpaka ikarekebishwa. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya ikataka vifaa vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa kiwango salama cha sauti. Ule ujumbe unaokutokea kwenye simu ukipandisha sauti sana, unaoubonyeza "sawa" bila kuusoma, asili yake ni huko. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa kiwango: mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75 kwa saa hizo hizo. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu. Ukifika 100, ambazo hedifoni nyingi zinafika bila shida, mtu mzima amebakiwa na dakika 20 hivi. Kwa wiki nzima, si kwa siku.

Haya, jibu lako sasa. Kutwa nzima si sawa, hata kama anasoma, hata kama ametulia. Ingia kwenye mpangilio wa simu utafute sehemu ya kuzuia sauti isivuke kiwango, weka isizidi asilimia 60, funga kwa namba ya siri. Simama umbali wa mkono wako, ongea kwa sauti yako ya kawaida. Kama hakusikii, imezidi. Kila nusu saa avue, kama kanda iliyoisha upande. Usiku asilale nazo. Mdogo wa miaka miwili mitatu hahitaji hedifoni kabisa, acha katuni iimbe wazi, hata kama wimbo wenyewe umekuchosha.

Halafu uangalie dalili, kwa sababu hazianzi na uziwi. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, zile za s, f na t. Mtoto anasikia kwamba umeongea, ila maneno hayakamati. Umemtuma mayai sita analeta tisa. Anasema "eee?" mara nyingi, anapandisha televisheni, anakwambia sikio linalia mluzi usiku. Shuleni anaandikiwa mzembe, nyumbani anachapwa kwa ukaidi. Nimeshapokea watoto wa hivyo, na mama amekuja kwa ajili ya kikohozi tu, habari ya kutosikia imetoka mwishoni tukishasimama mlangoni.

Ukiona hayo, mpeleke kwenye kliniki ya masikio, pua na koo akapimwe. Kipimo hakiumi. Anavalishwa hedifoni, anainua mkono kila akisikia mlio, na kwa wadogo zaidi kuna njia ya kuwapima kwa michezo. Nenda na daftari lake la kliniki, na useme tangu lini.

Sehemu ya 7 ni Jumapili, tutaongea kuhusu jiko la mkaa ndani ya nyumba ya kupanga. Wenye maswali ya hedifoni acheni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku najibu.