Mursik katika nchi ya chai

Mursik ni maziwa yaliyochachuliwa ndani ya kibuyu, na kwa Wakipsigis wa Kericho na Bomet, nchini Kenya, hakuna kinywaji kinachohesabiwa kuwa na afya kuyashinda. Siri yake imo kwenye kibuyu, sotet, kuliko kwenye maziwa. Kibuyu husafishwa, hukaushwa, kisha husuguliwa ndani kwa kaa la mti uitwao senetwet, ambao wataalamu wa mimea huuita Senna didymobotrya. Mkaa huo hutia maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi, na hupunguza ukali wake. Maziwa, ambayo siku hizi huchemshwa na kupozwa kwanza, hutiwa humo na kuachwa siku kadhaa. Maziwa lala ya pakiti nayo yamechachuka, lakini si mursik.

Zamani hiyo ilikuwa njia ya kuweka akiba. Maziwa yalipozidi, ziada ilihifadhiwa vibuyuni, ikaliwa kwa kimyet, ugali ambao wakati huo ulisongwa kwa wimbi. Mahindi yalishika nafasi baadaye.

Chai ilibadilisha hesabu hiyo. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza mashamba makubwa Kericho, kwenye nyanda ambazo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa, na malisho yakapungua. Baada ya KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, kuundwa mwaka 1964, wakulima wadogo nao walizidi kupanda michai kwenye vipande vyao. Tena chai yenyewe hupikwa kwa maziwa, hivyo ng'ombe yuleyule hukamuliwa kwa ajili ya sufuria, mnunuzi na sotet; mara nyingi sotet hupata kilichobaki.

Hata hivyo heshima ya mursik haikushuka. Huandaliwa kwenye harusi na sherehe za jando, na wanariadha wanaorudi na medali hupokewa kwa kibuyu kwenye uwanja wa ndege.

Sifa ya afya ndiyo iliyotiwa shaka. Saratani ya umio imeenea Bomet, na hospitali ya Tenwek imewatibu wagonjwa wengi. Watafiti waliopima mursik walikuta asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani hiyo. Hilo halijathibitisha kwamba mursik ndiyo chanzo. Na chai haikusalimika: mwaka 2016 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.