Kipini: Mji wa Mlangoni mwa Mto Tana

Kipini ni mji mdogo ulio mahali Mto Tana unapoingia katika Bahari ya Hindi, katika eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Mbele ya mji ni Ghuba ya Ungwana. Ubavuni ni mto wenyewe, mpana na wa rangi ya udongo. Nyuma yake ni vilima vya mchanga, kisha tambarare ya mikoko, nyasi na mashamba ya mpunga inayopanda hadi Garsen. Kwa takriban miaka elfu moja watu wa mlango huu wameishi kati ya mto unaobadili njia na bahari inayobadili ufuo. Historia ya mahali hapa ni ya makao yaliyohamishwa mara kwa mara, kwa kawaida si mbali: mji ukiachwa, mwingine ulijengwa mwendo wa saa chache kando yake. Anayeisoma kama orodha ya maafa hupata nusu ya habari tu.

Magofu yaliyo mashariki mwa Kipini ndiyo ushahidi wa kwanza. Ungwana, Mwana na Shaka ilikuwa miji ya Waswahili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yote ikiwa karibu karibu kandokando ya ghuba. Ungwana ndio uliochimbuliwa zaidi. James Kirkman alifanya kazi huko katika miaka ya 1950 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966. Baadaye mwanaakiolojia Mkenya George Abungu alichimba tena, na kuonyesha kwamba watu walikuwapo tangu karne ya 10 hivi, mapema kuliko Kirkman alivyodhani. Abungu alionyesha pia jambo ambalo msikiti mkubwa wa Ijumaa na makaburi yake huwafanya wageni walisahau: mji huu haukuishi kwa biashara ya baharini peke yake. Uliutegemea mto na watu wa bara yake, waliouletea chakula na pembe na kuchukua bidhaa za ng'ambo.

Shaka unatajwa zaidi katika simulizi kuliko katika akiolojia, kwa kuwa ndiko Fumo Liongo anakowekwa, yule shujaa na malenga anayedaiwa na kila mji wa pwani ya kaskazini. Kaburi linalosemwa kuwa lake huonyeshwa karibu na Kipini.

Mwaka 1506 kundi la meli za Wareno chini ya Tristão da Cunha lilishambulia na kuchoma mji uliotajwa katika maandishi yao kwa jina la Hoja, kabla ya kuendelea hadi Lamu na Barawa. Kirkman aliona kuwa Hoja ni Ungwana. Kama alikuwa sahihi, basi moto huo haukuuua mji, maana watu waliendelea kuishi Ungwana hadi mnamo karne ya 17. Kilichowaondoa ni shinikizo la muda mrefu kutoka bara, hasa wafugaji wa Kioromo walipoteremka kuelekea kusini, na miji mingi ya bara kati ya Mto Tana na Juba ikaachwa katika kipindi hichohicho. Visiwa vya Pate na Lamu vikawa kimbilio. Kuta za Ungwana zilifunikwa na msitu, lakini mlango wa mto haukubaki bila watu: wavuvi, wakata boriti na wakulima wa Kipokomo waliendelea kuutumia.

Karne ya 19 ilileta wakimbizi wa aina nyingine. Ahmad Simba, wa ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate, alishindwa katika ugomvi na masultani wa Unguja, akakimbilia bara. Alikaa Kau, kwenye mto Ozi, kisha katika miaka ya 1860 akajiimarisha Witu, ndani ya msitu. Kwa muda mfupi Witu ukawa pahali pa watu waliopoteza makao kwingine. Waliokuwa wafuasi wa mfalme aliyeng'olewa walifika, wenye madeni wakafika, na zaidi ya wote watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na ya bara yake, walioitwa watoro. Wengi wao walipewa ardhi au waliitwaa, wakaanzisha vijiji vyao. Witu haikuwa nchi ya uhuru; masultani wenyewe walikuwa na watumwa na walifanya biashara hiyo. Lakini mtoro aliyefika huko aliweza kulima shamba lake na kubeba silaha, mambo ambayo ng'ambo ya maji hakuyaota. Sheria ya kukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907 tu.

Ni katika zama hizo za Witu ndipo mto ulipogeuzwa, na hakuna tukio lililoiunda Kipini zaidi ya hilo. Hapo awali Tana na Ozi ilikuwa mito miwili. Tana iliingia baharini magharibi zaidi, mahali penye fungu la mchanga na mawimbi mabaya; Ozi, mto mfupi lakini wenye kina, ndio ulioingia baharini Kipini. Vyombo vilivyotaka kutoka mto mmoja kwenda mwingine vililazimika kupita baharini, jambo la hatari msimu wa kusi. Kwa hiyo ulichimbwa mfereji mwembamba kuiunganisha, unaojulikana kwa jina la Belezoni, ili mitumbwi ipitishe mpunga na bidhaa kwa usalama. Mfereji ulikuwa wa mitumbwi, lakini mafuriko hayakuuliza. Kila Tana ilipofura, maji yalipita Belezoni na kuzila kingo zake, hadi mwishoni mwa karne ya 19 mto mzima ulipouhama mlango wake wa zamani na kushuka kwa njia ya Ozi. Tangu hapo Tana huingia baharini Kipini.

Waliokuwa kandokando ya mkondo wa zamani walibaki na mto uliokuwa ukijaa matope na chumvi. Waliokuwa kwenye Ozi walipata maji mengi kuliko waliyoyazoea. Mashamba yalihama kufuata maji. Kipini, iliyokuwa mlango wa mto mdogo, ikawa mlango wa mto mrefu kuliko yote ya Kenya.

Wazungu nao waliufahamu mlango huo upesi. Ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata mkataba wa ardhi kutoka kwa Ahmad Simba mwaka 1885, na Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Ujerumani. Mwaka 1890 Ujerumani iliikabidhi Uingereza kwa mkataba uliohusu pia kisiwa cha Heligoland, bila wenyeji kuulizwa. Septemba mwaka huo Mjerumani Andreas Küntzel na wenzake waliuawa Witu baada ya ugomvi na sultani Fumo Bakari. Waingereza walijibu kwa jeshi la majini: Oktoba 1890 askari wa Admirali Fremantle walishuka Kipini, wakapanda bara na kuuteketeza mji wa Witu. Wakazi walikimbilia msituni, na mapigano ya chinichini yaliendelea hadi katikati ya muongo huo. Baada ya hapo Kipini ikafanywa makao ya mkuu wa wilaya wa kikoloni, mwenye ofisi na nyumba iliyotazama bahari. Makao hayo yalihamishwa baadaye kwenda Hola, mbali juu ya mto, na mji ukarudia kazi zake za zamani: samaki, nazi, boriti na mpunga.

Mpunga wa sehemu hii unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndani yake mna ujuzi wa vizazi. Juu zaidi, Wapokomo hulima kwa kufuata mafuriko. Mto hufura mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na za vuli katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, na mbegu hutiwa humo. Karibu na Kipini, katika vijiji kama Ozi na Kau, bahari nayo hushiriki. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kwa nguvu, bahari huuzuia mto na kuurudisha nyuma. Maji baridi ni mepesi, hukaa juu. Ya chumvi ni mazito, hupenya chini. Mkulima hufungua mdomo wa mfereji wa shamba lake ili maji ya juu yaingie polepole, na kuufunga maji yanapoanza kutoka. Maji yakiwa mafu, shamba hungoja. Kwa hiyo mlimaji wa mpunga hapa huhesabu mwezi kama mvuvi anavyouhesabu, na mara nyingi ni mtu yuleyule.

Kilimo cha namna hii huishi kwa sharti moja: mto uwe na nguvu ya kutosha kuisukuma chumvi. Kati ya 1968 na 1988 mabwawa matano ya umeme yalijengwa juu ya Tana: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga, lililomalizika 1981, ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linaloamua ni maji kiasi gani yateremke. Mafuriko ya kawaida yalipungua, tope likabaki mabwawani, na miaka ya ukame chumvi ikapanda mto hadi kwenye mashamba na kukausha mpunga na miembe. Mafuriko makubwa hayakuzuiwa. El Niño ya 1997 na 1998 iliifunika delta nzima na kuyavunja matuta ya mradi wa serikali wa umwagiliaji upande wa Garsen, uliogharimu fedha nyingi na kujengwa kwa imani kwamba maji yangezuiwa. Mradi ulikaa miaka mingi bila kazi. Wakulima wadogo, waliopoteza mavuno ya msimu huo, walipanda tena maji yaliposhuka. Si kwamba walikuwa hodari kuliko wahandisi. Hawakuwa wameweka kila kitu mahali pamoja. Familia ya mlango wa mto ilikuwa na shamba la bondeni na jingine kwenye mwinuko, miembe na minazi, mizinga msituni, jarife la kuvulia, na ndugu kijiji cha pili.

Mpangilio huo ulihusu majirani pia. Wafugaji wa Kiorma huleta ng'ombe delta wakati wa kiangazi, na wakulima huwaachia malka, njia za mifugo kufika mtoni. Wazee wa Kipokomo katika baraza la gasa walizungumza na wazee wa Kiorma juu ya lini mashamba yamevunwa na lini ng'ombe waingie. Malka zilipolimwa, malisho yalipopungua na siasa ilipoingia, mazungumzo yalizidiwa. Kulikuwa na mapigano mwaka 2001, na mabaya zaidi mwaka 2012. Agosti 22 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba kikafuata kijiji cha Kilelengwani, kisichokuwa mbali na Kipini, na Desemba Kipao. Kufikia mwanzoni mwa 2013 waliouawa walizidi mia moja, na maelfu walikuwa wamekimbia, wengine hadi Witu. Serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku na kuunda tume ya uchunguzi. Kurudi vijijini kulifanyika kidogo kidogo: mara nyingi wanaume walitangulia kulima mchana na kuondoka jioni, na familia zikafuata baada ya msimu mmoja au miwili. Soko lilisaidia kuliko mikutano, kwa sababu Mpokomo bado alihitaji maziwa na Morma bado alihitaji unga.

Upande wa bahari matatizo yalikuwa ya aina nyingine. Biashara ya boriti za mikoko, iliyopeleka miti Arabuni kwa karne nyingi, ilifungwa na marufuku ya kuuza nje ya mwaka 1982. Ghuba ya Ungwana ni mahali penye kamba wengi kuliko pote Kenya, kwa sababu ya tope la Tana, na meli za kukokota nyavu zilivua humo kwa miongo kadhaa, zikiharibu majarife ya wavuvi wadogo na kutupa samaki wasiotakiwa. Baada ya malalamiko ya muda mrefu uvuvi huo ulisimamishwa mwaka 2006, na uliporuhusiwa tena uliwekewa masharti ya eneo na msimu. Kamba nao hutegemea mto: mabwawa yakibana maji na tope, ghuba hupungukiwa.

Delta ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, miaka michache baada ya mipango mikubwa ya mashamba ya miwa na ya mimea ya mafuta kuzua kesi mahakamani. Baadaye ukaandaliwa mpango wa matumizi ya ardhi ambamo wakulima, wafugaji na wavuvi walishirikishwa, nao ulitambua kwa maandishi njia za mifugo ambazo zamani zilijulikana kwa mazoea tu.

Kwa sasa hasara kubwa ya mji ni ufuo. Bahari imekuwa ikila mchanga wa Kipini kwa miaka, na nyumba, minazi na makaburi vimekwenda na maji. Wenyeji hutaja kupungua kwa tope la mto, kukatwa kwa mikoko na kupanda kwa bahari, na sababu hizo haziondoani. Wanaopoteza nyumba hujenga nyuma zaidi, juu ya vilima vya mchanga, wakibeba mabati na milango ya nyumba ya kwanza. Tatizo ni viwanja. Ungwana ulipoachwa, bara ilikuwa na nafasi, na mtoro wa Witu aliweza kufyeka msitu. Leo ardhi iliyo nyuma ya mji ina wenyewe, ranchi au madai ya ukoo, na wakazi wengi wa pwani hii hawana hatimiliki ya kuonyesha ni kipi kilichomezwa. Kwa hiyo familia huhamia kwa jamaa, au hukodi Witu na Garsen, huku wanaume wakiendelea kushuka Kipini kuvua kaskazi inapotulia.