Yai Lilishindwa Safari, Kifaranga Akaiweza

Usiku wa kuamkia Januari 1, 1913, Posta ya Marekani ilianza huduma mpya ya kubeba vifurushi. Kabla ya hapo mizigo mizito ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi za usafirishaji, na mkulima aliyeishi mbali na stesheni alijijua mwenyewe. Miongoni mwa vifurushi vya kwanza kupokewa St. Louis, Missouri, kulikuwa na mayai sita yaliyokuwa yakienda Edwardsville, Illinois, upande wa pili wa mto Mississippi. Inasimuliwa kwamba saa saba baadaye mayai yale yale yalirudi St. Louis yakiwa keki.

Kwa kutangaza huduma mpya, kisa kizuri kuliko hicho kingetoka wapi? Lakini yai la keki halina masharti. Mradi halijapasuka, mpishi ameridhika. Yai la kutotolesha linaweza kufika zima, safi, bila hata ufa, na baada ya siku 21 lisitoe kitu. Ndiyo maana historia ya kuku na posta ilipinda mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Yai lisilokula, lisilokunywa wala kupiga kelele lilishindwa safari. Kifaranga aliye hai, mwenye roho ya kutoka wakati wowote, ndiye aliyeiweza.

Watu wa kale walilikwepa tatizo hilo kwa kutoyapeleka mayai mbali. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, tayari alikuwa na habari kwamba Wamisri hutotoa mayai bila kuku, kwa kuyafukia kwenye samadi. Baadaye yakaja matanuri ya matofali ya udongo: vyumba vilivyopangwa pande mbili za ujia mwembamba, moto wa samadi kavu na makapi ukifuka polepole. Mfaransa Réaumur, aliyechapisha kitabu juu ya kutotoa kuku kwa joto la kutengenezwa mwaka 1749, aliwasifu sana mafundi wa Berma, kijiji cha Delta ya Nile ambako kazi hiyo ilirithishwa baba kwa mwana. Kipimajoto hawakuwa nacho. Fundi aliligusisha yai kwenye kope la jicho lake, akajua kama moto upunguzwe au uongezwe. Mwanakijiji alileta mayai yake na kwa kila matatu alirudishiwa vifaranga wawili. Wa tatu, kama alitoka, alikuwa wa tanuri. Kwa hesabu hiyo naona hakuna aliyedhulumiwa. Jambo la kuangalia ni kwamba mayai yalitoka vijiji vya jirani tu.

Kuyasafirisha mbali kulianza pale tamaa ilipoingia. Mwaka 1849 yalifanyika maonyesho makubwa ya kuku mjini Boston, na kwa miaka kama sita hivi Wamarekani waliwaka kwa kile walichokiita wenyewe homa ya kuku, na hawakumaanisha kideri. Kuku wakubwa waliotoka China, wenye manyoya hadi miguuni, walinunuliwa kwa bei za kuuzia ng'ombe. George Burnham, mfanyabiashara wa huko Boston, alimpelekea Malkia Victoria kuku wa aina hiyo mwaka 1852, akalitumia jina la malkia kujitangazia, halafu mwaka 1855 akaandika kitabu kizima cha kuwacheka waliomwamini. Asiyemudu jogoo na mitetea alinunua mayai, dazeni kwa dola kadhaa, akayaweka chini ya kuku wake wa kawaida aliyekuwa akitaka kuatamia. Kipimo kilichozoeleka katika biashara hiyo kikawa mayai 13, kiasi ambacho kuku mmoja aliweza kukifunika vizuri.

Mengi hayakutotolewa. Mnunuzi alilaumu jogoo wa muuzaji, muuzaji akalaumu reli, na yai viza halitoi ushahidi.

Leo tunajua kwamba mara nyingi reli kweli ilikuwa na makosa. Ndani ya yai, kiini kimeshikiliwa katikati na nyuzi mbili za ute mzito uliosokotwa. Juu yake kuna doa jeupe la ukubwa wa punje ya mtama. Kama yai lina mbegu, doa hilo lilikwisha kuanza kukua ndani ya mwili wa kuku, kwa takriban siku nzima kabla yai halijatagwa. Ubaridi wa hewa ya nje hulisimamisha. Likikaa kwenye nyuzi joto 13 hadi 16 linalala salama kwa wiki moja hivi. Zaidi ya hapo nguvu zinapungua kila siku. Boksi likiachwa juani kwenye jukwaa la stesheni, doa linaamka na kuanza kukua, kisha ubaridi wa usiku unalikatisha katikati.

Mtikisiko nao una dhambi zake. Kwenye upande butu wa yai, kati ya tando mbili, kuna chumba cha hewa ambacho kifaranga atapumulia saa zake za mwisho kabla ya kuvunja ganda. Yai likirushwarushwa, tando zile zinaachana, na hewa inaanza kuzunguka ovyo. Mulika yai kama hilo kwa tochi gizani, uliinamishe kidogo: utaona kiputo kikiteleza upande hadi upande kama cha pimamaji ya mwashi. Si kwamba yai limekufa. Ila kifaranga atakayekua humo anaweza kukaa vibaya, akafika siku ya 20 na kufia ndani. Kumkuta kifaranga kamili, manyoya na kucha vyote vipo, ndani ya ganda lisilofunguka, kunauma kuliko kukuta yai tupu.

Ufumbuzi ulianzia kwenye mashine. Mwaka 1879, huko Petaluma, California, Lyman Byce na Isaac Dias walitengeneza mashine ya kutotolesha iliyodhibiti joto vizuri, na mji ule mdogo ukaishia kujiita kikapu cha mayai cha dunia. Mwaka 1898 Christopher Nisson alifungua hapo kituo cha kutotoleshea watu wengine kwa malipo. Hapo bado ni Berma tu, ila ya taa ya mafuta: mayai ya jirani yanaingia, vifaranga wanatoka.

Aliyevuka mstari ni Joseph Wilson wa Stockton, New Jersey. Miaka sita kabla ya Nisson, mwaka 1892, alipakia vifaranga wa siku moja kwenye treni na kuwapeleka Chicago, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Walifika.

Siri ilikuwa tumboni mwao. Karibu na saa ya kutoka, kifaranga hukivuta ndani kiini kilichobaki kupitia kitovu, na chakula hicho humtosha kwa siku tatu hivi bila tone la maji wala chembe ya nafaka. Kwa kuku aliyetagia kichakani mpango huo una maana yake: mayai hayafunguki yote saa moja, na wa kwanza inabidi wasubiri wenzao chini ya mbawa za mama. Binadamu aliichukua siku ile ya kusubiri akaifanya siku ya kusafiri.

Posta ilikubali rasmi vifaranga wa siku moja mwaka 1918, na mpaka leo sharti lake ni kwamba wafike ndani ya saa 72 tangu kutotolewa. Boksi la kawaida lilikuwa la vifaranga 100, limegawanywa vyumba vinne vya 25 ili wapashane joto bila kulaliana mpaka kufa, na matundu pande zote. Wakulima wa Iowa na Ohio walizoea kuitwa posta alfajiri na karani aliyechoshwa na makelele. Mwaka huo huo wa 1918, Samuel Smith wa Cleveland alipata hataza ya mashine iliyosukuma hewa ya moto kwa feni, iliyoweza kujazwa mayai maelfu. Ugomvi juu ya hataza hiyo ulifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1935. Mwaka 1922 Ira Petersime wa Gettysburg, Ohio, akaleta ya umeme. Mkulima wa kawaida aliona hakuna haja tena ya kuatamisha wala kununua mayai ya mbali.

Boksi lilibeba na maradhi. Bakteria wa kuhara nyeupe hutoka kwa kuku mzazi hadi kwa kifaranga kwa njia ya yai lenyewe, na kituo kimoja chenye kuku wagonjwa kiliweza kuusambaza ugonjwa majimbo kadhaa kwa stempu chache. Mpango wa taifa wa kupima damu ya kuku wazazi ulianzishwa mwaka 1935.

Na zile saa 72 hazina huruma. Agosti 2020, posta ilipozorota, mbunge Chellie Pingree wa jimbo la Maine aliandika kulalamika kwamba angalau vifaranga 4,800 waliotumwa kwa wafugaji wa jimbo lake walifika wamekufa.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii imeshikwa na basi. Boksi la matundu linapakiwa usiku, kondakta anapewa namba ya simu ya mpokeaji, na mfugaji anasubiri stendi tangu alfajiri akiomba gari lisiharibikie njiani. Trei za mayai ya mbegu nazo hupanda mabasi hayo hayo, na barabara mbovu huzifanyia kile kile reli ilichowafanyia watu wa Boston.

Mayai ya kusafiri hayajafa kabisa, hata huko Marekani. Yamebaki kwa wapenda kuku wa asili adimu, ambao vituo vikubwa haviwafugi kwa sababu hawalipi. Kila yai linafungwa peke yake kwa plastiki yenye viputo vya hewa, upande butu juu. Likifika linapumzishwa siku nzima kabla ya kuingia kwenye mashine, na chumba cha hewa kikiwa kimelegea wengi huacha kuligeuza kwa siku chache za mwanzo. Akipata vifaranga nusu, mnunuzi huhesabu amefanikiwa. Asipopata hata mmoja, hana wa kumdai: muuzaji mwangalifu huandika mapema kwamba anadhamini mbegu, kwa kuwa mayai mengine ya banda hilo anayatotolesha mwenyewe nyumbani, ila safari hadhamini.